Juu ya Nguo Zifumwazo Kanisani kwa Ajili ya Wahitaji



Iko kazi moja ya kanisa isifiwayo sana na kupimwa kidogo. Nayo ni kazi ya vyama vile vya akina mama, na siku hizi hata wanaume wachache, wakutanao mara moja kwa juma wakiwa na sindano na madonge ya uzi, wakafuma kofia, soksi, masweta, shali na mablanketi, kisha wakavitoa bure kwa wahitaji. Vyama vya namna hii vimeenea Uingereza, Marekani na nchi nyingine za baridi, na katika nchi zetu vipo pia, hasa milimani. Vitu vilivyofumwa huwekwa mbele ya madhabahu vikaombewa, hufungwa katika masanduku, na kupelekwa hospitalini, au katika makao ya yatima, au ng'ambo ya bahari. Mchungaji hushukuru, watu huitika Amina, na habari imekwisha.

Mimi ni mwalimu, na katika kazi yangu imenipasa kusahihisha. Mtoto akileta hesabu yake simpi alama kwa kuwa ameketi saa nzima akitoka jasho, nalitazama jibu. Jasho lake nalipenda, walakini nikimsifu kwa jasho tu nimemnyima haki yake, maana kesho atakosea vile vile. Vivyo hivyo naona yafaa tuzitazame nguo hizi kama tuitazamavyo kazi nyingine yo yote ya mikono, na kuuliza: Je, zafaa? Zamfaa nani? Na yeye aliyezifuma alijuaje ya kuwa zitafaa?

Swali hili la tatu ndilo nitakaloshikamana nalo. Maana kwa kadiri nionavyo, kazi hizi husimama au huanguka kwa jambo moja: kama mfumaji amepata habari za atakayevaa kabla hajaanza safu ya kwanza. Ikiwa amepata, hata kofia ndogo ni zawadi kubwa. Ikiwa hakupata, sanduku zima laweza kuwa mzigo kwa wale waliokusudiwa kupunguziwa mzigo.

Tuanze na mwanamke ambaye vyama vingi vimependa kujiita kwa jina lake. Habari zake zimo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 9. Alikaa Yafa, mji wa pwani, jina lake Tabitha, ambalo kwa Kiyunani ni Dorkasi, nalo maana yake ni paa. Luka amwita mwanafunzi, kwa neno la kike la Kiyunani lisiloonekana mahali pengine po pote katika Agano Jipya. Mwanamke huyu aliugua akafa, na Petro akaitwa kutoka Lida, mji usio mbali. Alipopandishwa orofani aliwakuta wajane wanalia, nao wakaanza kumwonyesha mavazi waliyotengenezewa na marehemu. Wafasiri wengine hudhani ya kuwa mavazi hayo walikuwa wameyavaa saa ile ile.

Wengi wetu tukiisoma habari hii twaharakisha kufika penye muujiza, na kweli ndio mkubwa. Lakini ngojeni kidogo pale orofani, mkautazame ushahidi. Nani aliyemshuhudia Dorkasi? Petro hakusomewa daftari la hesabu ya kanzu, wala hapana mzee wa kanisa aliyesimama kueleza bidii ya marehemu. Walioshuhudia ni wavaaji wenyewe, na ushahidi wao ni nguo zenyewe. Tena Luka hakusahau kuandika ya kuwa nguo hizo alizitengeneza wakati alipokuwa akiishi kati yao. Alikuwa jirani. Bila shaka alijua yupi mrefu na yupi mfupi, yupi ana mtoto mgongoni na yupi bega lake limeinama kwa mizigo. Mshonaji wa namna hiyo hahitaji kuandikiwa barua. Kipimo chake amekipata kisimani na sokoni.

Wa pili ni Hana, mama yake Samweli, ambaye twasoma habari zake katika Samweli wa kwanza, mlango wa 2. Alimtoa mwanawe akae Shilo katika utumishi wa Bwana, na kila mwaka alipopanda pamoja na mumewe kutoa dhabihu alimpelekea kanzu ndogo aliyomtengenezea. Kila mama ajua maana ya jambo hili. Mtoto hukua, na kanzu ya mwaka jana haimtoshi mwaka huu. Kwa hiyo Hana hakufanya kanzu kumi mara moja akazipeleka zote. Alikwenda, akamwona mtoto, akarudi na urefu wake moyoni, akafanya nyingine. Yeye alikuwa mbali, si jirani kama Dorkasi; hata hivyo alikuwa na njia ya kupata kipimo, na njia yenyewe ilikuwa safari ya kila mwaka.

Katika karne ya 19 viliundwa Uingereza na Marekani vyama vingi vya kuwashonea maskini nguo, vikaitwa vyama vya Dorkasi. Jina walilichukua, na bidii yake wengi walikuwa nayo. Lakini ujirani ni vigumu kuuchukua, hasa nguo zikianza kupelekwa mbali kuliko macho yawezavyo kuona. Ndipo matatizo yalipoanza, nayo yaonekana wazi katika habari ya soksi za mwaka 1914, ambayo nataka kuieleza kwa urefu kidogo kwa sababu ina mafunzo ya pande zote mbili.

Mwezi wa Agosti mwaka ule Uingereza iliingia katika vita kuu ya kwanza. Lord Kitchener, aliyekuwa Waziri wa Vita, alimwomba Malkia Mary awapatie askari mikanda ya sufu ya kufunga tumboni 300,000 na soksi jozi 300,000, navyo viwe tayari mwanzoni mwa Novemba. Malkia alikuwa na chama chake cha ushonaji, akatangaza kwa wanawake wote. Basi katika majumba, mashule na makanisa watu wakashika sindano.

Upande wa kwanza wa habari hii ni wa kusifiwa. Askari walikaa katika mahandaki yenye maji na tope wakati wa baridi, na mguu ukikaa siku nyingi katika maji ya baridi bila kukauka huvimba, hufa ganzi, huoza, na wengine hukatwa. Soksi kavu ya kubadilisha husaidia sana kuuzuia ugonjwa huo. Hapa haja ilijulikana, hesabu ilijulikana, na siku ya mwisho ilijulikana. Wafumaji walipewa na vipimo vilivyochapwa. Tena soksi yenyewe ilitazamwa kwa makini. Ncha ya soksi ikifungwa kwa mshono wenye ukingo, ukingo ule husugua vidole vya mtu atembeaye maili nyingi katika viatu vizito, ukamtoa malengelenge. Iko njia ya kuunganisha vitanzi vya juu na vya chini kwa sindano hata pasiwe na ukingo wo wote, na njia hiyo mpaka leo wafumaji wa Kiingereza huiita kwa jina la Kitchener. Mtu aliyefuma hivyo aliufikiri mguu asiouona. Hiyo naiita kazi njema.

Upande wa pili si wa kusifiwa hivyo. Vita vilipoanza, wenye mali waliacha kununua nguo za anasa, viwanda vikapunguza kazi, na maelfu ya wanawake walioishi kwa sindano zao wakakosa ujira. Sasa wanawake wenye nafasi walipoanza kushona na kufuma bure, mshonaji maskini aliona ya kuwa hata ile kazi ndogo iliyobaki imechukuliwa na watu wasioihitaji. Mary Macarthur, kiongozi wa chama cha wanawake wafanya kazi, alisimama akalisema jambo hili waziwazi: ya kuwa sadaka ya mwenye nafasi yaweza kuunyang'anya mkono wa maskini chakula chake. Malkia alipata habari, naye hakukasirika. Katika mwezi ule ule wa Agosti iliundwa kamati ya kuwatafutia wanawake kazi, Mary Macarthur akawa katibu wake, na fedha zilizokusanywa kwa jina la Malkia zikatumika kuwapa wanawake kazi ya mshahara.

Wala hapo habari haikuishia katika sifa. Mshahara uliowekwa ulikuwa peni 3 kwa saa, na usizidi shilingi 10 kwa juma, hata Sylvia Pankhurst akazilaumu karakana zile kuwa ni mahali pa kuwanyonya watu kwa jina la Malkia. Nami naona lawama yake ilikuwa na haki ndani yake. Lakini jambo ninalotaka mlishike ni hili: mbele ya mwaka 1914, na baada yake, soksi moja yaweza kuponya mguu wa mmoja na kufunga duka la mwingine. Mfumaji mwenye busara hutazama pande zote mbili, yaani atakayevaa na yule ambaye angelipwa kuifanya nguo ile.

Sasa tuiache vita, tuje kwenye kazi ya amani iliyozaliwa karibu na siku zetu. Mwaka 1998 katika jimbo la Connecticut, Marekani, wanawake wawili, Janet Bristow na Victoria Galo, waliokuwa wamesoma katika seminari ya Hartford, walianza desturi ya kufuma shali za maombi. Mfumaji huomba anapofuma, kisha shali hupewa mgonjwa, au mfiwa, au mtu mwingine mwenye taabu. Katika mtindo wao wa kwanza vitanzi hufumwa vitatu vya namna moja na vitatu vya namna nyingine, wengi wakakumbuka hapo Utatu Mtakatifu. Desturi hii imeingia katika makanisa mengi ya madhehebu mbalimbali.

Watu wengine huicheka, wakisema mgonjwa ahitaji dawa na si shali. Mimi siicheki. Kwanza, shali hii haijidai kuwavika walio uchi. Husema tu, Tumekukumbuka. Pili, haina kipimo cha kukosea, maana shali hukaa juu ya bega la mnene na la mwembamba. Tatu, hutolewa mara nyingi kwa mtu anayejulikana, jirani au mshirika wa kanisa lile lile. Wasomaji wetu wataielewa upesi, kwa sababu na sisi tuna kanga. Mama akijifungua, au nyumba ikifiwa, jirani huja na kanga au kitenge mkononi, wala hapana aulizaye kama mwenye msiba amekosa nguo. Kitambaa kile ni neno.

Lakini hapo hapo ndipo nipatiapo mizani ya kuipimia shali. Kwetu aletaye kanga msibani huketi. Hulala matangani, husaidia kuchota maji, huosha vyombo. Kanga imekuja pamoja na mtu. Shali ikipelekwa kwa posta, au ikiachwa mlangoni kwa haraka, na mtu mwenyewe asiingie, imepungukiwa. Mjane aweza kujifunika shali nzuri na ndani ya nyumba pasiwe na unga. Chama kitoacho shali hamsini kwa mwaka na kuzuru nyumba tano kimefuma vizuri na kutembea vibaya. Basi nasema shali ni kazi njema ikiwa ni mwanzo wa kuzuru, nayo ni kazi dhaifu ikiwa ni badala ya kuzuru.

Sasa nije kwenye masanduku yaletwayo katika nchi zetu, na hapa msinione mtovu wa shukrani. Nimepata kuona katika kijiji kimoja cha joto kanisa likigawa masweta mazito, mazuri kwa rangi, yaliyofumwa na watu wa mbali. Watu waliyapokea kwa mikono miwili wakashukuru. Baada ya mwezi mmoja hukuona sweta hata moja njiani. Wasichana walikuwa wameyafumua, wakautumia uzi kusukia nywele, na vipande vingine vilikuwa jikoni vikishikia sufuria. Barua ya shukrani ilikwenda, na kwa kila ajuavyo mfumaji, watoto wale wamevaa mpaka leo.

Kwa nini hakuna aliyesema? Kwa sababu ya adabu yetu. Kwetu zawadi haikataliwi, wala mtoaji haambiwi ya kuwa amekosea. Mtoto hufundishwa kupokea kwa mikono miwili kabla hajajua kusema vizuri. Kwa hiyo asante ya mpokeaji si ushahidi wa kuwa nguo imefaa. Ni ushahidi wa kuwa amelelewa vema. Wale wajane wa Yafa walishuhudia kwa nguo walizokuwa wakizitumia, na tofauti hiyo ni kubwa. Wahenga wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu aliye mbali hawezi kuwajua kunguni hao asipouliza, na tena asipouliza kwa namna itakayomruhusu aliyeulizwa kusema kweli.

Yako mambo mengi asiyoyajua mtu wa mbali. Uzi mwingi wa bei ndogo siku hizi si sufu. Ni uzi wa viwandani uitwao akriliki. Uzi huu ni laini, hauliwi na nondo, na hufuliwa kwa urahisi. Lakini ukishika moto huyeyuka ukagandamana na ngozi, na hali sufu ya kondoo huwaka kwa shida na kuzimika. Katika nyumba ambayo mtoto hutambaa karibu na mafiga, jambo hili si dogo. Tena katika sehemu zetu nyingi za joto yuko inzi atagaye mayai katika nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wake huingia katika ngozi akafanya jipu. Dawa yake ni pasi ya moto juu ya kila nguo, hata ya ndani. Pasi ya makaa ikipita juu ya akriliki, nguo hulegea isirudi tena katika umbo lake. Na sufu nayo ina matata yake: ikifuliwa kwa maji ya moto na kufikichwa kwa nguvu, hujikunja ikawa ndogo na ngumu kama ubao. Je, si vema aliyeko mbali aambiwe hayo kabla ya kununua uzi?

Liko na kosa la upande wa pili, nalo ni kudhani ya kuwa nchi zetu zote ni jua. Mtu wa Makete au Njombe, au wa Lushoto, au wa miteremko ya juu ya Kilimanjaro na Meru, ajua baridi ya mwezi wa Juni na Julai ilivyo alfajiri, mtoto anapokwenda shule na umande miguuni. Huko sweta si anasa. Kwa hiyo sanduku lile lile lililokuwa upuzi pwani lingekuwa baraka milimani. Sanduku lilikosa njia kwa sababu hapana aliyeuliza.

Tena nguo moja ifumwayo ina sifa kuliko zote kwa maoni yangu, nayo ni kofia ya mtoto mchanga. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili wake, na joto hutoka hapo kwa wingi, hasa kama amezaliwa kabla ya wakati. Mwaka 1978 huko Bogotá, katika nchi ya Colombia, daktari Edgar Rey, kwa kuwa mashine za kuwatunzia watoto joto hazikutosha, alianza kuwafundisha mama kuwabeba watoto hao kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Njia hiyo imeenea duniani, na katika hospitali zetu pia hufundishwa. Mtoto wa namna hiyo havalishwi mengi: kofia, kitambaa cha chini, pengine na soksi, na mwili uliobaki hugusana na mama. Basi kofia ile ndogo ina kazi ya kweli. Mtu mzee aweza kuifuma kwa siku moja, nayo yatumika pwani na milimani sawasawa.

Lakini hata kofia hiyo yatakiwa kusahihishwa. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi huwa kama sentimita 35 kuzunguka. Cha yule aliyezaliwa mapema ni kidogo zaidi, na kofia ikiwa kubwa humshukia machoni na puani. Vitundu vya mapambo vyapendeza macho, lakini hupitisha upepo. Kifungo kikikatika humezwa. Uzi uliolegea ndani ya kijifuko cha mkono huweza kuzunguka kidole cha mtoto ukazuia damu. Kwa hiyo mkitaka kuijua kazi ya mfumaji, igeuzeni ndani nje. Nje amefuma kwa ajili ya watazamaji. Ndani amefuma kwa ajili ya mtoto. Mfumaji aliyezificha ncha zote za uzi vizuri upande wa ndani, huyo ameelewa kazi yake.

Najua liko jibu nitakalopewa. Mtu atasema, Mwalimu, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wewe wamchambua nini mama mzee afumaye kwa upendo? Tena atasema, kufuma kwenyewe kwamfaa: mikono yake ina kazi, na jioni zake zina wenzake. Maneno hayo ni kweli, wala siyakatai. Nawajua wazee ambao siku ya chama ndiyo siku yao ya kusikia sauti za watu. Hiyo peke yake ni haja ya kutosha ya kuwa na chama. Lakini basi tuseme hivyo waziwazi: chama hiki chawafaa wafumaji. Tusimtwike maskini wa mbali kazi ya kutufariji, kwa kumpa nguo isiyomfaa na kumtaka atushukuru. Na yule mama mzee, mkimweleza ya kuwa hospitali fulani yahitaji kofia za pamba za kipimo fulani, hatakasirika. Atafurahi, maana sasa ajua ya kuwa mikono yake yangojewa.

Jibu jingine hutoka kwetu wenyewe, nalo ni la uvivu: Vya bure vimekuja, tuvichukue. Hapa nawakumbusha habari ya Mary Macarthur. Katika miji na vijiji vyetu vingi wako wanawake wenye mashine ya kufumia, ambao hulipa ada za watoto wao kwa kufuma masweta ya shule. Mfungo mmoja wa masweta ya bure ukija mwezi wa Desemba, kabla ya shule kufunguliwa, mwanamke huyo amepotewa na mapato ya mwaka. Watoto mia wamevikwa, na wanne wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, nao ni watoto wake. Ikiwa chama cha mbali chataka kweli kuwavika watoto wa shule ile, na kinunue uzi, kimlipe mjane huyu, na watoto wavae sweta lililofumwa na mtu wanayemwamkia njiani. Nalo likipasuka kiwiko, yupo wa kulitengeneza.

Na vyama vyetu wenyewe je? Maana nisionekane kana kwamba nimeandika kwa ajili ya watu wa ng'ambo ambao hawatasoma ukurasa huu. Akina mama wa makanisa yetu wafumao, nao wana mbali yao. Mbali yaweza kuwa kitongoji cha upande wa pili wa mto, au wodi ya wazazi ambayo hawajaingia, au nyumba ya mwenye ukoma wa zamani ambaye watu humpita. Chama kikutanacho kila Jumatano kikafuma vitambaa vya kufunikia viti vya wazee wa kanisa, na huku mtoto mchanga amefungwa katika kipande cha shati katika kitongoji kile, hakijauliza.

Kwa hiyo nashauri desturi moja iliyo rahisi sana. Kabla chama hakijanunua uzi, watu wawili watumwe kwenda kwa wahitaji. Waende na kamba nyembamba. Wazungushe kamba kifuani mwa mtoto, waikate. Wazungushe nyingine kichwani, waikate. Wafunge kila moja kwa fundo la alama ili zisichanganyike. Waulize maji ya kufulia hupatikana wapi, moto uko wapi ndani ya nyumba, na kama iko pasi. Waulize vile vile ni nani katika mtaa ule aishiye kwa kufuma. Tena waulize kama ni nguo kweli inayotakiwa, na wakiambiwa ya kuwa ni unga, au dawa, au karo, wasione haya kurudi na habari hiyo. Kwa walio mbali sana, kamba hizo hutiwa katika bahasha, nazo ni nyepesi kuliko barua.

Uzi wa kwanza katika kazi hii na utoke kwa mhitaji. Ukisha kufika, ndipo wafumaji wafungue madonge yao, waombe, na kuanza.